Nyasi za Mwasunge na Jembe la Jibu

Hapo zamani, tena si zile zamani za fisi kuoa na sungura kuwa mshenga, bali zamani za karibu ambazo baadhi ya waliolia siku hiyo bado wako hai, palikuwa na kijiji kiitwacho Mwasunge. Sogeeni. Hadithi hii si ya kuchekea, na wanaopenda hadithi zinazoishia kwenye arusi waende wakalale mapema. Mwisho wake sina. Mwisho mtanipa ninyi.

Watu wa Mwasunge walikuwa wafugaji. Posa yao ng'ombe, matanga yao ng'ombe, na mtu akiugua, ng'ombe aliuzwa. Kwa sababu hiyo walikuwa na ngitili. Asiyeijua ngitili nimweleze: ni malisho yanayofungwa masika yote. Hakuna anayeingiza mnyama humo, hata mwenyekiti wa kijiji. Nyasi zinaachwa zirefuke, zikauke zikiwa zimesimama, na kiangazi kinapokuwa kikali, kwingine kote kukabaki vumbi, ndipo inafunguliwa. Kijiji chenye ngitili kinavuka kiangazi. Kisichokuwa nayo kinaburuta mizoga.

Kisha wakaja watu wa mgodi. Wakachukua nusu ya ngitili, wakachimba dhahabu hadi ikaisha, wakaacha mlima wa kifusi. Kabla ya kuondoka waliusawazisha ule mlima, wakaufunika kwa udongo mweusi, wakapanda nyasi, wakazungusha uzio wa waya. Makubaliano yakawa haya: ardhi itarudi kwa kijiji siku nyasi zake zitakapofikia sehemu saba kwa kumi za nyasi za ile nusu nyingine, ambayo mgodi haukuigusa, kama zilivyopimwa ikiwa bado imefungwa. Zikiwa chini ya hapo, ardhi bado ni mgonjwa, na mgonjwa hakamuliwi.

Lakini nyasi hazipimwi kwa macho. Macho ya mwenye njaa huona majani hata juu ya jiwe. Kwa hiyo wakawekwa wapimaji watatu, kila mmoja na njia yake, ikakubaliwa kwamba wawili wakisema tayari, uzio unafunguliwa.

Mpimaji wa kwanza alikuwa Kaijage, mtaalamu wa mimea aliyetumwa kutoka mkoani, mtu wa Bukoba, mpole, asiyependa kelele. Yeye alipima kwa kamba. Alipiga kura mapema kuamua kamba itandikwe wapi, ili jicho lake lisimchagulie pazuri. Kisha alitembea kando ya kamba, na kila hatua alishusha sindano ndefu ya chuma na kuangalia ncha yake imegusa nini. Jani? Jiwe? Udongo mtupu? Jani lilihesabiwa, udongo mtupu ulihesabiwa, na mwishoni akajua ardhi imevaa kiasi gani na iko uchi kiasi gani.

Mpimaji wa pili alikuwa Mzee Luhende, aliyechaguliwa na kijiji kwa sababu hakuwahi kula cha mtu. Yeye alipima kwa fremu, mraba wa nondo. Unafumba macho, unajizungusha, unairusha fremu nyuma ya bega. Inapoangukia, hapo hapo unapiga goti na kuhesabu mashina yaliyo ndani yake. Kazi hii ina sharti moja tu: huchagui. Fremu ikiangukia mahali pabaya, pabaya hapo ndipo pako.

Mpimaji wa tatu alikuwa Milembe, binti wa hapo hapo Mwasunge, aliyesomea mifugo na kurudi kuwa afisa mifugo wa kata. Yeye alipima kwa mundu na mizani. Alikata nyasi za eneo dogo alilolipima, akazitia kwenye gunia, akazianika hadi zisipungue tena uzito, ndipo akazipima. Sharti lake nalo lilikuwa moja: uanike. Nyasi zenye maji ni nzito, na maji ya mvua si malisho.

Kamba, fremu na mizani. Vishikeni hivyo vitatu, tutavirudia.

Sasa nije kwa Minza, maana hadithi hii ni yake.

Minza alikuwa mjane. Mumewe alimwachia mtoto mmoja wa kiume, Maduhu, na zizi la ng'ombe. Maduhu alikua, akamwoa Mbuke, wakazaa watoto, wa mwisho akiwa bado mgongoni. Nyumba nzima ilikula kwa mikono ya Maduhu na maziwa ya zizi lile. Kikaja kiangazi kimoja kirefu, kijiji kizima kikijazana kwenye nusu ya ngitili iliyobaki, na nyasi zikalambwa hadi mizizi. Ng'ombe wa Minza wakaanza kuanguka. Kila asubuhi alikwenda zizini kabla ya Maduhu, awaone yeye kwanza walioshindwa kuamka, maana alijua mwanawe akiwaona hatakula siku hiyo.

Na upande wa pili wa uzio nyasi zilikuwa zimesimama, zimekauka vizuri, zinapigwa na upepo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ninyi mliokula jioni ya leo msimcheke mwanamke huyu.

Siku moja Minza alipenya chini ya waya na kisu chake, ili akate nyasi kidogo kwa ajili ya ndama. Akaenda mbali na njia ili asionekane, akafika kwenye bonde.

Bonde hilo lilikuwa katikati ya eneo, na kila mtu Mwasunge alilijua. Kabla ya mgodi kuja, wachimbaji wadogo walichimba mashimo yao hapo, yakawaangukia, hawakutolewa. Udongo juu yao uliendelea kudidimia mwaka hadi mwaka. Kwa watu wa Mwasunge bonde lile lilikuwa makaburi, na makaburi yana adabu zake: hupiti ukiimba, hukati mti, na juu ya yote hurushi kitu, sembuse chuma. Kumrushia chuma maiti ni kumwita.

Minza alisimama ukingoni. Chini palikuwa na maji. Kiangazi chote kile, visima vimebaki matope, na pale palikuwa na maji yanayong'aa, unaona hadi chini. Hayakuwa na chura, hayakuwa na mbu. Kuzunguka maji hapakuwa na hata unyasi mmoja, ila ukoko mweupe juu ya udongo. Na juu ya ukoko walikuwa wamelala kanga watatu, ndege wale wa madoa. Hawakuwa na jeraha. Midomo yao ilielekea majini.

Alijua. Nasema alijua, na sitamtetea. Mtu aliyechunga tangu utotoni hahitaji kuambiwa maana ya ndege waliokufa wakinywa. Lakini alijua na jambo la pili: akilisema hili, uzio hautafunguliwa mwaka huu wala mwaka ujao, na zizi litakwisha. Akawaokota wale kanga mmoja mmoja, akawafukia kwa mawe, akaosha mikono kwa mchanga. Ndama alipata nyasi zake jioni ile. Minza hakumwambia mtu.

Haukupita muda ikanyesha mvua. Kwa mlio wa kwanza wa radi watu walitoka nje wakacheka. Ikanyesha siku mbili, ikakatika, likarudi jua lile lile. Mvua ya kudanganya. Na ni katika juma hilo hilo wapimaji walikuja.

Kaijage alitandika kamba zake mahali kura ilipomwelekeza, na mojawapo ikapita bondeni. Alishuka nayo. Hatua baada ya hatua sindano yake ikagusa udongo mtupu. Alisimama kidogo akiutazama ule ukoko mweupe, akaugusa kwa kiatu, akaendelea. Kazi yake ilikuwa kuhesabu, akahesabu. Alipojumlisha kamba zote, nzuri na mbaya, akapata sita kwa kumi.

Luhende alifumba macho, akazunguka, akarusha. Fremu iliangukia nyasi nzuri, akahesabu. Akarusha tena, ikaangukia nyasi nzuri. Akarusha tena, ikaangukia bondeni. Mzee alifumbua macho, akaona chuma chake kimelala juu ya wale watu. Alishuka akiwa amevua viatu, akawaomba radhi kwa majina aliyoyakumbuka, akaiokota fremu, akapanda nayo juu, akarusha upande mwingine. Ikaanguka bondeni mara nyingine, akafanya vile vile. Waliokuwa wakimtazama kutoka kwenye uzio walitikisa vichwa kwa kuridhika. Walisema huyu ndiye mzee, anajua adabu. Hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba mzee alikuwa anachagua. Alipomaliza, akapata nane kwa kumi.

Milembe alikata nyasi zake, zikiwa zimelowa mvua hadi kwenye mashina. Akazianika. Minza alikwenda kwake asubuhi ile, na asubuhi iliyofuata, na iliyofuata. Alikaa mlangoni pake bila kuombwa kukaa. Alimweleza juu ya ng'ombe aliyeanguka jana na juu ya yule aliyeanguka leo. Alimkumbusha kwamba maziwa ya zizi lile ndiyo yaliyomkuza yeye Milembe, mama yake alipofariki akimwacha mchanga. Mwishowe akasema, "Mwanangu, ng'ombe wangu hawawezi kulingoja jua lako." Milembe akatazama nyasi zilizoanikwa, akazishika. Bado zilikuwa na ubaridi wa maji. Akazipima hivyo hivyo, akapata saba na kitu.

Kamba ikasema bado. Fremu ikasema tayari. Mizani ikasema tayari. Wawili dhidi ya mmoja, na mwenyekiti akatangaza kwamba ardhi imepona.

Uzio ulifunguliwa asubuhi. Watu walikuja wamevaa nguo za sikukuu, na ng'ombe waliobaki walisukumwa, wengine wakishikwa mikia ili wasianguke kabla ya kufika. Maduhu alitangulia na ng'ombe wa mama yake. Minza alimfuata hadi kwenye pengo la uzio. Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Angesema: mwanangu, maji ya bondeni yanaua, nimeona kwa macho yangu. Lakini akisema hivyo Maduhu angemuuliza aliona lini, na kwa nini alinyamaza, na watu walikuwa wamesimama karibu, Mbuke akiwa miongoni mwao. Basi akasema lililokuwa jepesi mdomoni.

"Usiwanyweshe bondeni," alimwambia. "Pale kuna makaburi."

Maduhu alikuwa ameokoka. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, na mambo ya makaburi alikuwa ameyaacha pamoja na hirizi. Alimshika mama yake bega kwa upole, kama tunavyowashika wazee tunapowapenda na hatuwasikilizi.

"Mama," alisema, "wafu hawanywi maji."

Akaenda. Mchana jua lilipowaka, ng'ombe waliokwisha kushiba nyasi kavu walisikia harufu ya maji na kushuka bondeni wenyewe. Maduhu alishuka nyuma yao. Aliyaona maji safi kuliko yoyote aliyoyaona mwaka ule, akaona ng'ombe wanakunywa, akakumbuka kwamba ardhi imetangazwa kupona. Akapiga goti, akayateka kwa viganja, akanywa. Waliomkuta walimkuta amelalia ubavu kati ya ng'ombe wake, na midomo yao wote ilielekea majini.

Nyasi zilikuwa zimeshasema. Kule ambako hazikuota, zilikuwa zinasema. Lakini hilo tunaliona leo, na leo haimfufui mtu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapowahitaji.

Mwasunge walikuwa na desturi yao. Mtu akiuawa kwa uadui, hiyo ni kesi ya polisi. Lakini akifa kwa mkono wa mtu asiyekusudia, kwa uzembe au kwa kosa, basi kulikuwa na jembe la jibu. Kaburi halichimbwi hadi aliyesababisha kifo apige jembe la kwanza. Mama wa marehemu ndiye anayelikabidhi. Anayelipokea halaumiwi tena na mtu, wala halaaniwi, lakini tangu saa ile amechukua nafasi ya marehemu: analima shamba lake, analisha watoto wake, hadi kitinda mimba aweze kushika jembe mwenyewe. Jembe la jibu halishikwi na wawili. Likishikwa na mtu wa nyumba ile ile, basi nyumba imejijibu yenyewe, na hakuna wa nje anayedaiwa kitu. Na maiti haivuki machweo juu ya ardhi.

Najua kuna mmoja hapa anataka kuuliza wenye mgodi walikuwa wapi. Swali zuri. Walikuwa mbali, na jembe la jibu hupewa mkono uliopo.

Jioni ile ile wakakusanyika kwenye makaburi ya kijiji, si kule bondeni, maiti ikiwa imefunikwa shuka kivulini mwa ukuta wa miba. Mbuke alikaa chini na watoto wake. Minza alisimama na jembe mkononi. Wapimaji watatu walisimama mbele yake, na mwenyekiti akawataka waseme.

Kaijage alianza. Alisema kwa heshima, akimwita Minza mama.

"Kamba yangu ilisema bado. Katika watu wote waliopima ardhi ile, ni mimi peke yangu niliyesema bado. Nilishindwa kwa kura, nikatii. Mkinipa jembe hili mimi, mtakuwa mmemwadhibu mtu kwa kusema kweli."

Mzee Luhende akamuuliza kama kamba yake ilipita bondeni. Akakubali kwamba ilipita. Akamuuliza alikuta nini. Akasema alikuta udongo mtupu wenye ukoko mweupe, na kwamba alipouona alishuku una sumu. Watu wakaguna. Luhende akamuuliza alimwambia nani.

"Niliulizwa ni kiasi gani," Kaijage alisema. "Sikuulizwa ni wapi. Nilitoa jibu la swali nililoulizwa."

Akaja Luhende. Aliegemea fimbo, maana mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, na alisema akiangalia chini.

"Shemeji," alimwambia Minza, kwa kuwa marehemu mumewe alikuwa rika lake, "fremu iliangukia bondeni, nikaiokota. Ningeiacha pale, nikahesabu, ningepata sifuri, na sifuri hizo zingetosha kuuacha uzio umefungwa. Lakini mnataka ningefanya nini? Nichutame juu ya wafu wetu nikihesabu majani? Mlinitazama wote. Mlinisifu. Kama adabu yangu ndiyo iliyoua, basi ni adabu yenu, nilifundishwa na ninyi."

Na ilikuwa kweli.

Akaja Milembe. Alikuwa analia, na posa yake ilikuwa imeshaletwa. Anayebeba jembe la jibu haolewi hadi deni lile liishe, na watoto wa Maduhu walikuwa wadogo sana.

"Nilipima nyasi zenye maji," alisema. "Nilijua zina maji. Ningengoja jua, mizani yangu ingesema bado, na kamba ilishasema bado, uzio usingefunguliwa. Sikatai. Lakini mizani yangu hata ingekuwa sahihi, ingenipa uzito wa nyasi, isingeniambia kitu juu ya maji ya bondeni. Mimi sikushuka bondeni. Bwana Kaijage alishuka akashuku, Mzee Luhende naye alishuka humo. Na mimi sikuharakisha kwa ajili yangu." Hapo alimtazama Minza, akanyamaza, kwa sababu mtu hawezi kumlaumu mama aliyesimama mbele ya maiti ya mwanawe.

Minza alilisikia lile neno ambalo halikusemwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wake ulikuwa na kitu kingine ndani yake, kitu chenye madoa, kilichofukiwa kwa mawe. Wenyewe wanasema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio kilikuwa kimefika, lakini kilikuwa hakijamfichua. Ni yeye tu aliyejua. Katika watu wote pale, Kaijage alishuku, Luhende aliogopa, Milembe hakujua. Minza alikuwa ameona.

Akafikiri: nikisema, jembe ni langu. Sina haki ya kumpa mtu mwingine. Nitapiga jembe la kwanza, moyo wangu utapumua, na kesho Mbuke ataamka hana mume, hana ng'ombe, hana hata mtu mmoja wa nje anayewajibika kwake. Mimi ni mzee, nitalima nini? Watoto hawa watakula ukweli wangu?

Akafikiri tena: nikinyamaza, watoto watapata mikono ya kuwalisha, na mtu mwingine atabeba mzigo wangu hadi uzeeni kwake akidhani ni wake.

Ng'ombe haelemewi na nundu yake, wahenga walisema. Hawakusema afanye nini nundu yake ikiwa ndiyo iliyoua ndama.

Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye vichwa vya nyasi zile zile. Mwenyekiti akakohoa. Wachimba kaburi wakasimama na majembe yao, wakingoja la kwanza.

Ndipo Mzee Luhende akaweka fimbo yake chini, akanyoosha mikono yote miwili.

"Nipe mimi, shemeji," alisema. "Waache hawa vijana."

Mzee huyo hakuwa na ng'ombe, hakuwa na mtoto wa kumsaidia, na shamba lake mwenyewe lilikuwa limemshinda. Kila mtu aliona kwamba akilipokea jembe lile, heshima ingetimia na watoto wangelala njaa. Kaijage, mwenye nguvu na mshahara, aliitazama ile mikono ya mzee iliyonyooshwa, na mikono yake mwenyewe haikutoka mifukoni. Milembe aliinua mkono nusu, akaushusha, akauinua tena.

Mbuke akainua kichwa. Hakumtazama Kaijage, wala Luhende, wala Milembe. Alimtazama mama mkwe wake, na kwa sauti ya kawaida kabisa akauliza jambo lililokuwa likimsumbua tangu asubuhi.

"Mama, asubuhi ulimkataza asiwanyweshe bondeni. Ulikuwa umeona nini?"

Minza alifungua mdomo. Jembe lilikuwa mikononi mwake, na jua lilikuwa limebakiza ukingo.

Mimi nimemwacha hapo hapo, amesimama. Mnajua alichokiona, naye Mbuke hajui. Mnajua aliyeona na akafukia, aliyeshuku na akatoa namba, aliyeheshimu wafu na akaua mzima, na aliyekosa subira ya jua kwa huruma. Mnajua nani anaweza kulisha watoto wale na nani hawezi, na mnajua ni nani peke yake aliyenyoosha mikono.

Jembe ni moja, na maiti bado iko juu ya ardhi. Semeni upesi, jua linazama: je, nani alistahili kulipiga?